Loki ya Bi Mkubwa

Lori la baba yangu liliitwa Bi Mkubwa, na aliyelipa jina hilo ni mama. Alisema siku aliyoolewa alilikuta uani limeoshwa na kupakwa mafuta, na tangu siku hiyo yeye amekuwa mke wa pili ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba hakuwahi kukanusha. Lilikuwa lori fupi, pua butu, magurudumu yote manne yanavuta, na usukani wake ulikuwa mpana kuliko sinia la kulia watu sita. Kwa miaka thelathini na tisa alilipakia saruji, mbao na ng'ombe, akapita nalo penye matope ambapo wengine waligeuzia. Watu wakamwita Mzee Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kulikimbiza na hakuwahi kuliangusha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Magari nayajua kwa kuyapanda. Lakini Mungu ana mzaha wake, maana nilimwoa fundi. Mke wangu ana banda lake la gereji nyuma ya soko, na kazi yake kubwa ni moja tu: difu. Ukitaka kubadilishiwa taa au kupigiwa rangi, atakuelekeza kwa jirani. Ukimletea lile tumbo la chuma lililo katikati ya eksele, linalopokea nguvu za injini na kuzigawia gurudumu la kushoto na la kulia, atakuvutia kiti. Kwa hiyo anaitwa Fundi Difu, na mimi naitwa mume wa Fundi Difu, hata shuleni.

Baba na mke wangu walipendana kwa adabu. Walisalimiana asubuhi, waliulizana hali, walipishana mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Lakini likizuka jambo la magari, hawakubishana ana kwa ana. Mkwe habishani na baba mkwe, na baba mkwe hajishushi. Walibishana kupitia kwangu.

Mambo yalianza na pampu. Juu ya mlima unaotazama mji wetu kuna kijiji ambacho maji yake yako bondeni, na kila ndoo hupanda kichwani kwa saa nzima. Hatimaye mradi ukachimba kisima kirefu kule juu, na pampu yenye injini yake ikaletwa. Ililetwa mpaka chini ya mlima, ikafunikwa turubai, ikakaa wiki saba. Malori marefu ya kampuni hayakuweza kukata kona. Magari madogo hayakuubeba ule uzito. Mvua nayo ilikuwa imeitafuna barabara.

Baba alisikia, akaenda kumwona mhandisi wa mradi, mtu wa makamo mwenye miwani na haraka nyingi. Mhandisi akamzunguka Bi Mkubwa mara moja, akasema, "Mzee, hili si la kazi. Hili ni la kuwekwa makumbusho, watoto waje walitazame."

"Nipakilie," baba akasema.

Wakampakilia. Akapanda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kona ya nne mvua ilikuwa imechimba mfereji upande wa kushoto. Gurudumu la nyuma la kushoto likaingia mferejini, likabaki linaning'inia, likaanza kuzunguka kama feni. La kulia, lililokanyaga mwamba mkavu kabisa, likatulia tuli. Mbele nako hadithi ilikuwa hiyo hiyo: moja linacheza, jingine linatazama. Lori lina nguvu zote, na haliendi popote. Ilimbidi baba ateremke kinyumenyume kona tatu, akitazama vioo, mbele ya wanakijiji waliokuwa wameshuka kumpokea.

Alirudi nyumbani, akanawa, akaketi. Mama akamtengea chakula. Hakukigusa.

"Difu ndivyo ilivyo," mke wangu aliniambia jikoni, kwa sauti ya kutosha kusikika sebuleni. "Imeumbwa hivyo ili gari likate kona, gurudumu la nje lizunguke zaidi na la ndani kidogo. Lakini ina ujinga mmoja. Gurudumu likikosa pa kushika, nguvu zote zinakimbilia huko huko kwenye ulegevu. Anayefanya kazi hapewi kitu, anayecheza anapewa vyote."

"Kama ofisini kwetu," nikasema.

"Ndiyo. Dawa yake ni loki. Unayafunga magurudumu mawili yawe kitu kimoja. Likizunguka hili, na lile linazunguka, litake lisitake."

Kutoka sebuleni baba akasema, "Mwambie mkeo loki naijua. Nilishasikia madereva wakiisifu. Ile inayojifunga yenyewe. Aninunulie mbili, moja ya nyuma na moja ya mbele, azifunge, nirudi mlimani kesho kutwa."

Nikageuka nimwambie. Mke wangu alikuwa ameshasikia.

"Mwambie Baba sitafunga kitu chochote kabla sijaiona barabara."

"Barabara nimeiona mimi," baba akajibu. "Mwambie nimeiona miaka thelathini na tisa."

"Mwambie shikamoo, na kesho alfajiri nakwenda kuiona kwa miguu."

Alikwenda kweli, nami nikamfuata kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na kwa kuwa ni mke wangu. Alibeba chaki, kamba ya kupimia, na chupa iliyojaa maji nusu. Nilidhani maji ni ya kunywa. Kumbe kila alipofika konani aliilaza chupa ardhini kukata barabara, akatazama maji yanalalia upande gani. Tulihesabu kona kumi na moja. Nane zililalia ndani, upande wa mlima. Tatu, yaani ya saba, ya nane na ya kumi, zililalia nje, upande wa genge. Kwenye ya saba udongo ulikuwa mwekundu na laini kama sabuni iliyolowa. Akasimama pale muda mrefu kuliko pote.

"Wewe ni mwalimu," akaniambia. "Sikiliza. Hapa lori limeinamia genge. Difu ikiwa wazi, gurudumu moja likiteleza, jingine halisukumi, linabingirika tu taratibu, na hilo ndilo linaloushika mkia usihame. Difu ikiwa imefungwa, yote mawili yanateleza pamoja. Mkia unakosa wa kuushika. Unakwenda wapi?"

Nikatazama genge. Hesabu ile haikuhitaji ubao.

"Sasa ile inayojifunga yenyewe," akaendelea, "haikuulizi. Ukikanyaga mafuta, inafunga. Ukiachia, inafungua, kwa kishindo. Kwenye tambarare ya matope ni nzuri sana, nimewafungia watu wengi na wananishukuru. Kwenye kona hii nitakuwa nimemzika Baba."

Usiku ule nilifikisha ujumbe, nikiacha neno la kuzika. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwulize mkeo, basi, ile ya hewa? Yenye swichi. Unabonyeza, inafunga. Unabonyeza, inafungua."

Mke wangu alikuwa akikunja nguo hatua tatu kutoka alipoketi baba. Alifikiri kwanza. "Mwambie Baba amesema neno zuri. Ya hewa ndiyo ningempa kama Bi Mkubwa angekuwa na umri wangu. Lakini inataka kompresa ya kusukuma hewa, na nyaya za Bi Mkubwa zimechoka, hata honi ikilia taa zinafifia. Halafu mpira wa hewa unapita chini ya eksele, na kule njia nzima ni mawe. Jiwe moja likiukata tukiwa kona ya tisa, hatuna loki na hatuna fundi."

"Na ya mbele je?"

"Ya mbele iachwe wazi. Mbele kukifungwa usukani unakuwa mzito, lori linataka kwenda moja kwa moja. Kona haziendi moja kwa moja."

Baba akajikuna kidevu. "Mwambie amekataa zote. Sasa tufanyeje, tuombe dua?"

"Mwambie ipo ya tatu," mke wangu akasema. "Ya mkono."

Jumatatu, baada ya vipindi vyangu, alinipeleka kwenye uwanja wa vyuma chakavu nje ya mji. Mwenye uwanja alikuwa bwana mmoja mnene aliyeitwa Kutu, na alikuwa amekaa juu ya boneti kama mfalme. Katikati ya majani marefu lililala lori la zamani la kubebea magogo, nduguye Bi Mkubwa, mtengenezaji mmoja, miaka miwili mbali. Mke wangu akaingia chini yake na spana na brashi ya waya. Nilikaa juani nikisahihisha madaftari. Kila baada ya muda nilisikia chuma kinagonga chuma, na sauti yake ikihesabu. "Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne." Alikuwa akihesabu meno ya shafti, ile mipini ya chuma inayotoka kwenye difu mpaka kwenye gurudumu. Akatoka uso wote mweusi, meno yake mwenyewe ndiyo yanayoonekana.

"Ishirini na nne," akasema. "Kama shafti za Bi Mkubwa. Na ni nene zaidi."

Malori ya magogo yalitengenezwa na loki tangu kiwandani. Ndani ya difu kuna pete yenye meno. Ukivuta wenzo ulio pembeni ya kiti, kebo inavuta pete, pete inasogea na kuzibana shafti mbili zikawa moja. Ukirudisha wenzo, zinaachana. Hakuna umeme, hakuna hewa. Tuliibeba difu mpaka gereji kwenye mkokoteni, na shafti zake mbili zimelazwa juu. Nikamuuliza shafti za nini, ilhali Bi Mkubwa anazo.

"Loki ikifungwa na gurudumu moja likiwa hewani, mzigo wote unaangukia shafti moja. Za Baba zimefanya kazi miaka thelathini na tisa zikigawana. Siwezi kuzigeuka leo nikaitwisha moja mzigo wote."

Siku nne alifanya kazi. Aliosha kila gia kwa dizeli, akabadilisha beringi zote, akapima nafasi ya meno kwa kipande cha karatasi na kidole. Baba alikuja kila asubuhi kusimama mlangoni mwa banda, mikono nyuma. Siku ya tatu aliingia, akachuchumaa, akashika upande wa pili wa eksele uliokuwa umemshinda mke wangu kunyanyua. Siku ya nne walipiga jeki gurudumu la kushoto la nyuma, wakawasha injini, wakaweka gia. La kushoto likazunguka hewani, la kulia limekaa, kama siku ile mlimani. Mke wangu akavuta wenzo. Klak. Lori zima likaruka mbele likang'oa kigingi nilichoambiwa nikitazame.

Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akaniambia, "Mwambie mkeo amefanya kazi."

"Mwambie Baba bado jambo moja," mke wangu akasema huku akifuta mikono. "Wenzo unavutwa kabla ya shida, gari likienda polepole. Akingoja gurudumu lizunguke kama feni ndipo avute, meno yatagongana yavunjike. Na akishatoka kwenye shida, afungue. Kabla ya kona, afungue."

"Mwambie nimesikia," baba akasema, na nilijua kwa sauti yake kwamba amesikia nusu.

Tulirudi mlimani Jumamosi asubuhi, jua limekausha juu juu lakini chini ya kivuli bado utelezi. Mhandisi alikuwepo na daftari lake. Pampu ikapakiwa, ikafungwa minyororo minne. Baba usukanini, mke wangu mbele kwa miguu akitembea kinyumenyume ili aonekane na dereva, mimi nyuma na gogo la kuwekea chini ya gurudumu. Wanakijiji walikuwa wamepanga foleni ukingoni tangu kona ya kwanza, wengine na ndoo zao.

Kona ya nne. Mfereji ule ule, sasa umezidi kina. Mke wangu akainua mkono juu na kukunja ngumi: funga. Baba akavuta. Klak. Bi Mkubwa akaingia mferejini, gurudumu la kushoto likaning'inia, na la kulia likauma mwamba likasukuma. Polepole, kama mtu anayejinyanyua kitini na mzigo mgongoni, lori likatoka. Watu wakapiga makofi. Mhandisi aliyekuwa akipanda nyuma yangu akaacha kuandika.

Na hapo ndipo utamu ulipomlevya baba. Mke wangu alifungua ngumi: fungua. Hakufungua. Aliona kitu kimefanya kazi, kwa nini akiache? Kona ya tano, ya sita, akapita imefungwa, matairi yakilalamika. Mke wangu aliifungua ngumi mara ya tatu, na lori lilikuwa limeshaingia kwenye udongo mwekundu.

Niliuona mkia ukihama. Haukuruka wala haukufanya haraka. Ulihama shubiri moja kuelekea genge, kama mtu anayesogezewa kiti. Kisha nusu shubiri nyingine. Nikatupa gogo chini ya gurudumu. Baba akakanyaga breki, lori likasimama limeinama, kokoto zikaporomoka, na tukazisikia zikienda muda mrefu.

Mke wangu hakunitazama mimi. Alitembea mpaka dirishani kwa dereva, akaweka mkono juu ya mlango.

"Baba," akasema. "Fungua loki."

Baba akasukuma wenzo. Haukwenda. Akasukuma kwa mikono miwili. Haukwenda.

"Imekwama, mwanangu."

"Haijakwama. Shafti zimejikaza, zimeibana pete. Usilazimishe. Nyoosha usukani, weka rivasi, rudi nyuma shubiri moja tu juu ya jiwe lile, zilegee. Mimi nasimama hapa hapa."

"Ondoka hapo. Likishuka litakuvuta."

"Siondoki, Baba. Shubiri moja."

Miaka sita ya ndoa yetu nilikuwa nimewapelekea maneno wale wawili, na pale sikuwa na kazi ila kulisogeza gogo nyuma shubiri moja. Baba aliachia klachi kama anayeachia ndege mkononi. Lori likarudi shubiri moja, na tukasikia, chini kule, klik ndogo na tamu. Wenzo ukaanguka mbele wenyewe.

"Sasa mbele," mke wangu akasema. "Gia ya kwanza, mafuta kidogo, usiguse kitu kingine."

Gurudumu la nje likateleza, likazunguka. La ndani likabingirika juu ya mawe, likaushikilia mkia, wala haukuhama tena hata kwa upana wa kidole. Ya mbele yakavuta. Bi Mkubwa akaikata kona ya saba kama uzi unavyopita tundu la sindano, na nilipofika juu niligundua nimeliokota gogo na kulikumbatia kifuani, nimelowa tope mpaka masikioni.

Kuanzia hapo walipanda wawili. Yeye anainua mkono, baba anatii kabla mkono haujafika juu. Ya nane wazi, ya tisa imefungwa, ya kumi wazi. Ya kumi na moja ilikuwa mwinuko mkali wa mawe yaliyolegea, na baba akatoa kichwa dirishani mwenyewe.

"Nifunge sasa, au mpaka kwenye lile jiwe jeupe?"

"Sasa, Baba. Ukiwa bado unatembea."

Klak. Wakapanda mawe yale matairi manne yakitafuna, bomba likitoa moshi mweusi, mimi na mhandisi na nusu ya kijiji tukikimbia nyuma. Lori likatokeza kileleni, likasimama mahali tambarare kando ya kisima, na injini ikazimwa. Kisha bibi mmoja akaweka ndoo yake chini, akapiga kigelegele, na kijiji kizima kikamwitikia mpaka nikaona ndege wakihama miti.

Wanaume walimbeba baba juu juu. Akawa anapiga mabega yao wamshushe. Walipomshusha, mhandisi akamsogelea na kumpa mkono, akasema, "Mzee, nilikosea. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sijaona dereva kama wewe."

"Na dereva huyu angekuwa kule chini pamoja na pampu yako," baba akasema, akionyesha genge kwa kidevu. "Dereva nilikuwa mimi. Aliyelipandisha ni binti yangu. Mpe yeye mkono."

Hakusema mkwe. Mke wangu alifuta kiganja kwenye ovaroli mara mbili kabla ya kukitoa, na najua hakuwa akifuta grisi.

Pampu ilifungwa siku ya tatu, na maji yakatoka kwa rangi ya kutu, kisha ya maziwa, kisha maji. Tulialikwa sote. Mama alikunywa kikombe kizima, akatangaza mbele ya watu kwamba leo amemsamehe mke mwenzake.

Wiki iliyofuata nilipita gereji baada ya shule. Nje ya banda yalikuwa yameegeshwa malori ya zamani manne, moja halina milango, na wenyewe wamekaa kwenye benchi. Wote walitaka loki kama ya Mzee Taratibu. Baba mwenyewe alikuwa kwenye benchi kati yao, ameshika glasi ya chai.

"Mimi nataka ile ile ya mkono," alisema mmoja, mwenye lori la kubebea mchanga. "Fundi anifungie leo."

"Unapita wapi?" baba akamuuliza.

"Mtoni tu, tambarare. Matope mwaka mzima."

"Kona?"

"Hakuna kona."

Baba akanywa funda moja, akageukia banda. "Mwanangu," akaita, "huyu ni wa ile inayojifunga yenyewe. Au nimekosea?"

Kutoka chini ya lori ikatoka sauti ya mke wangu. "Hujakosea, Baba. Muulize kwanza shafti zake zina umri gani."